Kulaza Mkono kwa Maarifa Si Wizi

Kuanzia stendi ya Korogwe hadi vijiwe vya Chanika kule Handeni, kuna hukumu inayotolewa upesi kila vijana wawili wanapoweka viwiko mezani na kushikana viganja. Mwenye kifua akimlaza mwembamba, watu wanapiga makofi na kazi imekwisha. Mwembamba akimlaza mwenye kifua, kelele zinaanza. Amezungusha kiganja! Amejivuta nyuma! Amemshika vidole! Rudieni, ule si mkono, ule ni ujanja. Akirudia akashinda tena, wanaanza kumkagua kama amevaa hirizi, hasa akiwa katokea Handeni, ambako sifa ya waganga humtangulia mtu kabla hajafika.

Wanaotoa hukumu hiyo wana hoja, na ni haki isemwe yote kabla ya kupingwa. Wanasema mchezo huu una maana moja tu, kujua nani ana nguvu. Ndiyo maana hauhitaji jezi wala uwanja. Meza ya muuza kahawa inatosha. Ukiingiza mbinu, unapima kitu kingine. Wanasema pia kuwa mbinu ni kimbilio la mnyonge, na kwamba mbele ya nguvu za kweli hazifui dafu. Wanamalizia kwa usalama: mtu atulize mwili, asukume kwa mkono mtupu, hataumia wala hataumiza. Madai yao basi ni matatu. Mbinu si halali, mbinu hazisaidii, na nguvu tupu ni salama. Mawili ya kwanza si kweli. La tatu si kweli na tena ni la hatari.

Tuanze na hiyo nguvu tupu inayosifiwa. Haipo. Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji, ulishike huku kiwiko kimekunjwa na dumu liko karibu na tumbo. Utakaa nalo na maongezi yakaendelea. Sasa nyoosha mkono mbele yako. Maji hayajaongezeka hata tone, msuli ni uleule, lakini baada ya muda mfupi mkono unatetemeka. Kilichobadilika ni umbali wa mzigo kutoka mwilini, na pembe ya kiwiko. Msuli una mahali unapofanya kazi vizuri na mahali unapozidiwa, na hakuna binadamu, awe mbeba magunia wa soko la Manundu au mkata mkonge wa Ngombezi, aliyesamehewa kanuni hiyo.

Mezani ni hivyohivyo. Anayemvuta mpinzani kumwelekea yeye kabla ya kumsukuma pembeni anaifungua pembe ya kiwiko cha mwenzake na kuibana ya kwake. Mnene anabaki na misuli yake yote, ila imehamishiwa mahali isipoweza kumsaidia. Hata yule anayejisifu kwamba hatumii mbinu anayo yake: ameegemea mbele, amekaza bega, amekunja kifundo kidogo bila kujua. Amejifunza kwa mazoea badala ya kwa makusudi. Tofauti kati yake na anayemlalamikia ni kwamba mwenzake anajua anachokifanya.

Mbinu zinazolalamikiwa sana ni mbili. Ya kwanza ni kupanda. Mchezaji hasukumi pembeni kwanza. Anavuta mkono nyuma na juu, huku akizungusha kiganja kitazame chini. Shinikizo lote linaangukia ncha za vidole vya mpinzani. Mkono wa juu unaweza kuwa mnene kiasi cha kupasua mkono wa fulana, lakini unene huo haufiki kwenye vidole. Vidole vinategemea misuli ya kigasha, ambayo kwa wanyanyua vitu vizito wengi haijazoezwa kukataa kufunguliwa. Vidole vikiachia, kifundo kinapinda nyuma, na kifundo kikishapinda nyuma pambano limekwisha hata kama mkono bado umesimama wima.

Ya pili ni ndoano. Hii huenda kinyume: kifundo kinakunjwa ndani, kiganja kinamtazama mwenyewe, mwili unasogea karibu na mkono, na pambano linageuka kuwa la mkono wa juu, kifua na mgongo. Kuna pia kukandamiza, ambapo mchezaji huleta bega nyuma ya kiganja chake na kusukuma chini kama anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Kila moja ina jibu lake. Anayepandwa vidole anaweza kujibu kwa kuwahi kukunja kifundo na kuzama kwenye ndoano. Anayetiwa ndoano anaweza kujivuta nyuma na kuinua kiganja. Anayekandamizwa anaweza kuvuta mkono wa mwenzake uende mbali na bega lake. Jambo lenye jibu ni sehemu ya mchezo. Wizi hauna jibu, kwa sababu aliyeibiwa hakupewa nafasi ya kujitetea.

Hapa pana kichekesho ambacho watetezi wa nguvu tupu hawapendi kukumbushwa. Wengi wao, hasa wa umri wangu, mchezo huu uliwaingia moyoni kupitia mabanda ya video na filamu ya Over the Top ya mwaka 1987, ile ya Sylvester Stallone akiwa dereva wa lori aitwaye Lincoln Hawk. Mabanda yalitikisika kwa shangwe. Lakini Hawk alimlazaje yule jitu kwenye fainali? Alilegeza vidole, akavipandisha juu ya mkono wa mpinzani, akashika upya, akamlaza. Yaani shujaa wao alifanya mbele ya macho yao kilekile wanachowaita wenzao wezi kwa kukifanya leo.

Sasa tuje kwenye uhalali wenyewe. Neno halali halielei hewani. Lazima liwe halali kwa mujibu wa sheria fulani. Mashindano ya kisasa ya mchezo huu yana asili yake katika baa moja ya mji wa Petaluma, California, miaka ya 1950, na baadaye yakakua hadi kuonyeshwa kwenye televisheni za Marekani. Kanuni za Petaluma zilitaka wachezaji wafungane vidole gumba. Mwaka 1968 mchora katuni Charles Schulz alimpeleka mbwa wake Snoopy kwenye mashindano hayo, na mbwa akaondolewa kwa sababu hana kidole gumba. Ni utani, lakini una akili: Snoopy hakuondolewa kwa kuwa mnyonge wala kwa kuwa mjanja. Aliondolewa kwa kanuni iliyokuwapo kabla hajafika mezani, na kila mtu aliijua.

Shirikisho la dunia la mchezo huu limekuwapo tangu miaka ya 1970, na mwezi Machi 2024 mchezo ulipata nafasi kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, ambako wenyeji Ghana walivuna medali nyingi. Kanuni za kimataifa zinasemaje kuhusu mambo yanayoleta ugomvi kwetu? Kupanda vidole kunaruhusiwa. Ndoano inaruhusiwa. Kukandamiza kunaruhusiwa. Mwili kusogea, mguu kusukuma mguu wa meza, uzito wa mwili kuingia kwenye mkono, vyote ni sehemu ya mchezo baada ya mwamuzi kusema anza. Hakuna mahali panapomtaka mtu akae kama sanamu.

Zinachokataza ni kingine. Kabla ya kuanza, vifundo viwe vimenyooka, mabega yawe sambamba na meza na kifundo cha kidole gumba kionekane, ili asiwepo aliyemzidi mwenzake kabla ya amri. Kuanza kabla ya amri ni kosa. Kiwiko kuondoka kwenye kijimto chake ni faulo, na faulo mbili ni kushindwa. Viganja vikiachana bila mtu kulazwa, vinafungwa mkanda pambano liendelee. Anayeachia makusudi akiona anakaribia kulazwa anapewa faulo. Zisome tena. Hakuna hata moja inayomlinda mwenye misuli dhidi ya mwenye maarifa. Zote zinalinda mambo mawili: mwanzo ulio sawa, na mkono usiovunjika.

Tena waliotunga kanuni hizo hawakupuuza nguvu. Waliwatenga wachezaji uzani kwa uzani, kwa sababu walijua kwamba kilo 110 dhidi ya kilo 70 si pambano la haki hata mdogo akiwa fundi. Hili ni jibu kwa dai la pili, kwamba mbinu hazisaidii, na pia ni onyo kwa wanaozikuza mbinu kupita kiasi. Mbinu haifuti nguvu; inaamua nguvu itumike wapi. Mmarekani John Brzenk, aliyeshinda kitengo cha madereva wa malori kwenye mashindano yaliyofanyika Las Vegas mwaka 1986 pamoja na utengenezaji wa filamu ile ya Stallone, alikaa kileleni miongo kadhaa akiwalaza watu waliomzidi uzito kwa mbali. Silaha yake ilikuwa kubadilika katikati ya pambano, kuanza kwa kupanda na kumalizia kwa ndoano, au kinyume chake.

Upande wa pili, tazama Dubai. Mwaka 2021 Michael Todd wa Marekani, bingwa wa ile staili inayoitwa mwendo wa mfalme, alikutana na Mkanada Devon Larratt. Katika mwendo wa mfalme, mchezaji anashusha mwili chini, karibu kuingia uvunguni mwa meza, mkono ukinyooka, na kumning'inia mpinzani hadi achoke ndipo apande. Ni staili iliyogawanya mashabiki na waamuzi duniani. Wapo wanaoiona ushupavu, wapo wanaoiona kero. Larratt alimshinda. Staili ya ajabu iliyowatesa wengi ilikutana na mtu aliyeiandalia jibu. Mwaka uliofuata, hapohapo Dubai, Larratt mwenyewe, fundi wa mafundi, alilazwa na Levan Saginashvili wa Georgia, mtu mwenye kigasha kinachofanana na paja, ambaye pamoja na ukubwa wake anajua kupanda vidole vizuri kuliko wengi. Watetezi wa nguvu tupu wasishangilie mapema. Levan hashindi kwa kuikwepa mbinu. Anashinda kwa sababu ana vyote viwili.

Na kwa nini hukumu hii inaangukia mchezo huu peke yake? Watumishi wa serikali wanavuta kamba kila mwaka kwenye mashindano ya SHIMIWI. Timu inayojua kuinama pamoja, kuchimbia visigino, kushusha makalio na kuvuta kwa mdundo mmoja huivuta timu yenye vitambi vizito zaidi, na inasifiwa kwa mafunzo mazuri. Septemba 2018 bondia wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, mbele ya watu wa Eggington mwenyewe. Mkoa mzima wa Tanga ulisherehekea. Hakuna aliyesema Mwakinyo alipaswa kusimama palepale, asikwepe, ili ijulikane nani ana ngumi nzito. Kwenye kamba na kwenye ngumi tunaita ufundi. Kwenye mkono tunaita wizi.

Nadhani sababu ni mbili. Moja ni dau. Mezani huwekwa pesa, na walio wengi huwekea mwenye kifua, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Akilazwa, kumwita mshindi mwizi ni njia nafuu ya kurudisha noti mfukoni. Methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani huimbiwa wachezaji, lakini ingefaa zaidi kuimbiwa waliosimama nyuma ya meza. Nyingine ni kwamba mbinu za mkono ni ndogo mno kuonekana. Ngumi inaonekana, kamba inaonekana. Kiganja kilichozungushwa kidogo hakionekani kwa aliyesimama mbali. Jicho lisipoona sababu, linaziba pengo kwa hirizi au kwa hila. Maarifa ya mtu aliyejizoeza jioni baada ya jioni yanapewa mganga.

Sasa dai la tatu, la usalama. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mfupa wa mkono wa juu, ulio kati ya bega na kiwiko, huweza kuvunjika katika mchezo huu kwa ufa unaouzunguka kama uzi wa skrubu. Madaktari wa mifupa wanaifahamu ajali hii vizuri. Huwapata zaidi vijana wenye afya, wasio na ugonjwa wowote wa mifupa, na mara nyingi mfupa hukatika sehemu yake ya chini, karibu na kiwiko. Nyuma ya mfupa huo hupita mshipa wa fahamu unaoinua kifundo na vidole. Ukijeruhiwa, kiganja kinaning'inia, na huweza kuchukua miezi kurudi. Kwa wavulana ambao mifupa yao bado inakua, wa miaka 14 au 15, kinachong'oka mara nyingi ni kipande cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko.

Inatokeaje? Si kwa kupanda vidole wala kwa kujivuta nyuma. Inatokea pale mtu anapougeuza mwili na uso mbali na mkono wake, mkono ukabaki nyuma, huku anakataa kulazwa. Bega linazunguka upande mmoja, kigasha kinalazimishwa upande mwingine, na mfupa ulio katikati unasokotwa. Waamuzi wa kimataifa wanaifahamu hali hii na humwonya mchezaji mara moja autazame mkono wake. Sasa fikiria kinachofundishwa vijiweni. Tuliza mwili. Kaza. Usifuate mkono. Usikubali hata ukifika karibu na meza. Anayefuata mafunzo hayo, mkono unapoanza kwenda, mwili unabaki ulipo au unageukia upande wa pili ili kupata nguvu ya mwisho, na watu wanashangilia: mwanaume huyo, hakubali! Wanashangilia mkao uleule unaovunja mfupa.

Anayejua mbinu hufanya kinyume. Bega lake liko nyuma ya mkono wake, mwili unaufuata mkono, macho yako kwenye ngumi. Hayo ndiyo mambo anayoambiwa ni ulaghai. Kwa hiyo kanuni ya kijiweni imepinduka: inakataza kinachomlinda mchezaji na kukisifu kinachompeleka Hospitali ya Magunga akiwa ameushikilia mkono kwa mkono mwingine. Kama ni kuchagua kitu kimoja cha kupiga marufuku Handeni na Korogwe, kisiwe kuzungusha kiganja. Kiwe kugeuza mgongo.

Lakini sitaki kusomwa kana kwamba ninatetea kila kitu. Limezuka kundi jingine, la vijana wanaotazama video fupi kwenye simu, ambao kauli yao ni kwamba kila kitu ruksa ilimradi mkono umelala. Nao wamepotoka, kwa njia nyingine. Mwendo wa mfalme, kwa mfano, ulizaliwa kwenye meza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kijimto cha kiwiko, kishikio cha mkono wa pili na waamuzi waliokaa karibu. Meza ya muuza kahawa haina kishikio. Miguu yake inacheza. Mbao zake zinateleza kwa jasho. Ukishusha mwili chini yake, meza inakufuata, vikombe vinamwagika, na kiwiko cha mwenzako kinaburuzwa ukingoni. Wanaocheza wamekaa kwenye benchi nao si sawa na wanaosimama: aliyekaa hana mguu wa kusukumia, kwa hiyo mrefu mwenye kiti kirefu anapata faida ambayo hakuifanyia kazi. Mbinu halali Dubai inaweza kuwa si halali kwenye kibaraza cha Mkata au Kabuku, kwa kuwa vifaa vinavyoifanya iwe salama havipo.

Zaidi ya hayo, yapo ya mtaani ambayo hayatetewi na mtu yeyote. Kupaka mkono mafuta. Kukandamiza mkono wa mwenzako kwa kidevu. Kuinua kiwiko kwa ghafla na kukirudisha kabla hajaonekana. Kuanza wakati mwenzako bado anarekebisha mshiko. Huo ndio wizi, nao mara nyingi hufanywa na mwenye nguvu, kwa sababu yeye hashukiwi.

Ninachodai ni kidogo na hakina gharama. Kabla viganja havijashikana, kanuni zitajwe kwa sauti, wote wasikie. Mikono ikauke. Vifundo vinyooke na mabega yawe sambamba hadi amri itoke kwa mtu wa tatu, ambaye hakuweka dau. Kiwiko kisiondoke kwenye kitambaa kilichokunjwa mahali pake. Kidevu na kichwa visiguse mikono. Anayegeuza uso mbali na mkono wake asimamishwe papo hapo, na akikataa, ahesabiwe ameshindwa. Watoto wa shule wasikaziane hadi mwisho. Wapimane kwa sekunde chache waachane. Baada ya hapo, mtu azungushe kiganja atakavyo, apande, azame, ajivute, na asiwepo wa kumwambia arudie.

Handeni na Korogwe zina halmashauri nne, mbili za mji na mbili za wilaya, na kila moja ina ofisa wa michezo. Tuna Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ambalo vyama vya michezo husajiliwa chini yake. Mchezo ambao Accra ulitoa medali hauwezi kuendelea kuhukumiwa hapa kwa kelele za walioweka dau. Bonanza moja la sikukuu, meza nne imara zilizotengenezwa na fundi seremala wa Korogwe, uzani uliopimwa kwa mizani, waamuzi waliofundishwa kanuni hizi, vingetosha kuonyesha nani anajua mchezo na nani amebebwa na kifua.

Aliyelazwa kwa mbinu asiyoipenda ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuipinga mapema, kabla ya pambano lijalo, ili ikikubaliwa kuwa mwiko iwe mwiko kwa wote, yeye akiwemo. Ya pili ni kwenda kujifunza jibu lake. Kupiga kelele baada ya mkono kugusa meza si njia ya tatu, na watazamaji wenye kupenda haki waache kumsaidia apige.